Ukijua Kiswahili, Kihispania Usikipitishe kwa Mwingereza

Mwaka wa kwanza wa Kihispania chuoni ni wa kudanganyana. Unajifunza kusalimia, kuhesabu, kuagiza kahawa, kutaja ndugu zako, mwisho wa muhula una alama A na unajiona umeshafika. Halafu unajiandikisha SPAN 2311, namba ambayo vyuo vya umma vya hapa Texas huipa kozi ya kwanza ya daraja la kati, na ikifika wiki ya tatu unagundua kumbe muda wote ulikuwa barazani, ndani hujaingia.

Mimi kilichonikaba ni subjuntivo, umbo la kitenzi la kusemea matakwa, hisia na mashaka. Mwalimu aliandika ubaoni "Quiero que vengas", nataka uje, akaieleza kwa Kiingereza karibu kipindi kizima. Darasa likatoa macho. Mwingereza husema anataka wewe kuja, kitenzi chake hakina habari, kwa hiyo wenzangu ilibidi wapewe kanuni, na kanuni nazo zina kifupisho maarufu katika madarasa ya Marekani: WEIRDO, kila herufi na sababu yake, matakwa, hisia, mashaka, mpaka ile O ya ojalá, yaani laiti. Nikakariri nao. Jaribio la kwanza nikafeli nao.

Siku moja niko kazini, zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, nakunja mashuka na mama mmoja wa Honduras. Akaniambia, "Quiero que me ayudes." Nilikuwa nimechoka mno hata Kiingereza hakikupata nafasi ya kuingilia kati. Nikasikia kichwani: nataka unisaidie. Shuka likanitoka mkononi. Unisaidie! Si "nataka wewe kusaidia mimi". Anasoma, lakini nataka asome. Habla, lakini quiero que hable. Ile -a inageuka -e kwao kama inavyogeuka kwetu. (Ndiyo, vitenzi kama comer hugeuka kinyume, come inakuwa coma. Hilo unazoea ndani ya wiki.) Yaani subjuntivo nimeisema tangu naachishwa ziwa, halafu nimelipa ada nifundishwe kwa lugha ambayo yenyewe karibu imeisahau.

Tangu usiku huo nimekuwa na msimamo, na mwalimu wangu anaujua maana nimemchosha nao: mwenye Kiswahili anayesoma Kihispania kwa kupitia Kiingereza anatoka Tanga kwenda Pangani kwa njia ya Dodoma.

Angalia amri. Njoo, lakini ukikataza husemi "si njoo", unasema usije. Mhispania naye: ven, na akikataza, no vengas, yaani anachukua umbo lile lile la subjuntivo kama sisi. Na ukitaka adabu kwa mtu mzima humwambii njoo, unamwambia uje, tafadhali. Kwao mtu wa kuitwa usted, ile "wewe" ya heshima, huambiwa venga. Hata ukaidi wa njoo na nenda wanao, maana ven na ve nazo hazifuati sheria za wenzake. Vitabu vyetu vya darasani vimetenga sura mbili nzima kwa mambo haya, na jirani yangu wa kiti cha kushoto bado anachanganya.

Au chukua ile "le dije a mi mamá". Mmarekani anauliza, hiyo "le" ya nini wakati mama ametajwa? Anaona ni maneno ya ziada. Wewe jaribu kusema "niliambia mama" mbele ya bibi yako uone atakavyokukata jicho. Nilimwambia mama. Ile -mw- ndiyo "le", basi, kesi imekwisha. Na "me gustan los libros", inayowatesa watu muhula mzima, ni vitabu vinanipendeza: vitabu ndivyo vinavyotawala kitenzi, mimi nimepachikwa katikati. Mtu aliyekua na ngeli haogopi upatanisho.

Maneno nayo yana undugu wa kupitia ng'ambo. Waislamu walitawala sehemu za rasi ya Iberia, yaani Uhispania na Ureno, kuanzia mwaka 711 mpaka Granada ilipoanguka 1492, na Kiarabu kikaacha kwao vilevile kilivyoacha kwetu: azúcar ni sukari, aceituna ni zeituni, fulano ni fulani. Ninayoipenda kuliko zote ni hasta, ambayo ni hata yetu. "Hasta los niños lo saben", hata watoto wanajua. "Hasta cuándo", na wazee wetu husema hata lini. Kisha akaja Mreno, aliyeanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 kwa amri ya Felipe wa Pili, mfalme Mhispania aliyekuwa ameshika Ureno pia, na lugha yake ikatuachia meza, bendera na mvinyo, ambavyo kwa Kihispania ni mesa, bandera, vino. Ila usilewe. Niliomba pera dukani nikapewa tunda la nchi za baridi lenye umbo la balbu. Pera letu wao huliita guayaba. Na tarifa si taarifa, ni bei.

Najua jibu la walimu: daraja la kati mwanafunzi aanze kufikiri kwa Kihispania chenyewe. Sawa, lakini hakuna anayefika huko kwa kuruka. Kila mtu darasani ana lugha anayoegemea, na mwalimu akidhani sote tunaegemea Kiingereza, wengine tunapewa fimbo fupi. Kuuliza siku ya kwanza nani amekulia lugha gani ni swali la dakika tano.

Sisemi Kiswahili kinakuvusha kote. Kwenye mashaka kinakuacha njiani: tunasema sidhani kama atakuja, kitenzi cha kawaida kabisa, wakati wao ni lazima "no creo que venga". Kwenye furaha vilevile, nafurahi umekuja, na mwenzako anadai subjuntivo. Halafu jinsia. Sisi yeye ni yeye, awe shangazi au mjomba, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi. Nilisimulia habari za mke wa kaka yangu mbele ya darasa zima nikimwita él, yeye ya kiume, mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu aliniacha nimalize, kisha akauliza kwa upole huyo bwana alijifungua hospitali gani.

Jumanne tuna mtihani wa por na para, ambazo kwetu zote huangukia kwenye kwa. Nimejaribu kutafuta msaada nyumbani, sikupata. Sisi tumerundika kila kitu kwenye kwa: asante kwa chakula, nimenunua kwa dola 5, kwa sababu hiyo, barua hii ni kwa mwalimu. Tatu za kwanza ni por, ya nne ni para, na kwa haioni tofauti yoyote. Hapo nimekaa na jirani yangu wa kushoto, tunakariri orodha ile ile, kwa Kiingereza.