Alama ya Kiwanda

Mzee alishuka kwenye daladala ya Kalenga na kitu kirefu ndani ya kiroba cha mahindi, abiria wakampisha bila kuombwa. Nikamwamkia, akaitikia, akafungua kiroba. Kilikuwa kitako cha bunduki, mti mtupu. Chuma alikiacha nyumbani pamoja na karatasi zake za polisi, nami nikashukuru, maana mimi ni seremala tu.

"Hii ilitekwa Lugalo, mwaka 1891," akasema. Ndiko Wahehe wa Mkwawa walikowapiga Wajerumani. Sijawahi kuona bunduki ya kale ya Kalenga ambayo haikutekwa Lugalo. Ila kwamba ni Mauser, bunduki ya Kijerumani, sikumbishia. Askari wa Wajerumani walibeba kweli Mauser za 1871, zile za risasi moja moja, milimita 11, na mti ulikuwa mjozi safi.

Ufa ulikuwa shingoni, pale kiganja kinaposhika. Kitako hupenda kupasukia hapo kwa sababu ndipo pembamba, na ule mpindo hukata nyuzi za mti. Tena skrubu zikilegea, chuma hurudi nyuma kila inapopigwa na kuupasua mti kama kabari. Kuna mtu alishautibu kwa msumari wa inchi mbili, ukazaa ufa wa pili.

Nikaung'oa msumari. Kazi ngumu ikawa mafuta. Mti uliopakwa mafuta ya bunduki miaka mia haushiki gundi yoyote. Nilikoroga unga wa chaki na asitoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, nikapaka rojo kwenye ufa na kuanika juani, mbali na moto. Chaki ikikauka inakuwa ya kahawia. Unakwangua, unapaka upya. Nilirudia mara sita ndipo ikabaki nyeupe. Mama watoto akauliza asitoni yake imekwenda wapi. Nikamwambia Lugalo.

Kisha nikatoboa tundu la milimita 6 kukatiza ufa, nikachonga kijiti cha mpingo. Gundi ni ile ya tyubu mbili, nusu kwa nusu. Gundi nyeupe ya mbao huteleza polepole ikikazwa na mzigo. Nikaupanua ufa kwa kabari nyembamba, nikasukuma gundi ndani kwa bomba la sindano mpaka ikatokea upande wa pili, nikachomeka kijiti, nikakaza kwa tyubu ya baiskeli iliyokatwa mkanda. Tyubu inabana shingo ya mviringo kuliko klampu yoyote.

Kabla ya tyubu lazima uzungushe nailoni, maana gundi inayochuruzika hushika kila kitu. Zamani ningechana rambo, mfuko wa plastiki wa dukani. Rambo zilipigwa marufuku Juni 2019, na mimi ni raia mwema. Nikazungushia gazeti.

Baridi ya Julai Iringa huchelewesha gundi, kwa hiyo nilisubiri siku mbili badala ya moja. Nilipofungua, gazeti halikutoka. Ukurasa wa michezo ulikuwa umekuwa sehemu ya bunduki.

Nikapiga msasa namba 120. Karatasi ya gazeti ikaisha, lakini wino wa kichwa cha habari ulikuwa umeingia kwenye gundi iliyojaa ufa, herufi kubwa, zimegeuka: ABMIS. Kuendelea kusugua ni kuipunguza shingo, pale pale ilipovunjikia. Nikamaliza kwa 240 na 400, nikapaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, matone machache kwa kiganja, mipako mitano, siku nzima kati ya mpako na mpako. Mafuta yakauamsha mti ukang'aa. Yakaziamsha na herufi.

Mzee akakipokea, akakijaribu begani, akakipindua. "Fundi, hii ABMIS ni nini?"

Mdomo ukanitangulia. "Alama ya kiwanda, mzee. Ya Kijerumani. Ilifichwa na uchafu."

Akafurahi mno. Akaongeza elfu kumi juu ya tulizopatana. Nikasikia anawaonyesha wageni wote ukutani, na wajerumani-wa-kujifanya wa kijijini wakadai wanaijua maana yake.

Mzee huyo ni Yanga tangu ujana, kadi anayo, na skafu ya kijani na njano imening'inia juu ya bunduki hiyo hiyo.

Jumapili mjukuu wake alikuja kutoka chuo, akageuza kamera ya simu ili ajipige picha na bunduki ya babu. Kamera ya mbele huonyesha vitu kama kioo. Akaita, "Babu! Kumbe wewe ni SIMBA?"

Leo ni Jumatano. Daladala ya Kalenga imesimama hapo ng'ambo, na abiria wanampisha mtu mwenye kiroba.