Ngome ya Mombasa na njaa iliyoifungua

Juu ya mlango wa Fort Jesus kuna bamba la jiwe lenye maandishi ya Kireno ya mwaka 1639. Aliyeyaandikisha ni Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, na hakuwa mtu wa kujificha. Anataja umri wake, miaka 27 alipokabidhiwa ngome mwaka 1635. Anawataja wafalme wa pwani aliowalazimisha kulipa kodi, Pate na Siu alizoziadhibu, na Pemba alikowaua wakuu walioasi. Ukisomewa bamba hilo unangoja afike kwenye manowari za adui alizozizuia zisiingie bandarini, kwa kuwa ndiyo kazi tunayoambiwa ngome ilijengewa. Hazimo. Sifa zote za kapteni ni za kuwapiga watu wa pwani.

Bamba hilo ndilo linalonirudisha kwenye ubishi wa zamani kuhusu jengo hili, ambalo wenyeji wengi wanaliita Ngomeni tu. Wapo wanaolieleza kama mlinzi wa bandari: kazi bora ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, iliyoanza mwaka 1593 kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili, ikashika mlango wa bahari na kuamua nani atawale pwani. Na wapo wanaosema mji ndio uliokuwa ukiamua nani akae ngomeni. Maelezo ya kwanza yana vibao, vijitabu na heshima ya Unesco tangu 2011. Ya pili hubaki kuwa masimulizi ya Mji wa Kale, na mara nyingi huchukuliwa kama majivuno ya Wamvita, yaani wenyeji wa Mombasa.

Nianze na haki ya upande wa kwanza, maana ipo. Wareno hawakujenga kwa kiherehere. Katika miaka ya 1580 Amir Ali Bey alikuja na merikebu za Kituruki, na Mombasa ikampokea. Hadi mwaka 1589 Mreno alikuwa ameshaona kwamba bila kituo cha kudumu hapa angekuwa anarudi kuuchoma mji kila baada ya miaka michache, kama alivyokwisha kufanya mwaka 1505. Na kuta zenyewe si mchezo. Zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, zina buruji nne, yaani ngome ndogo za pembeni, zilizopangwa hivi kwamba mizinga ya buruji moja inafagia ukuta wa nyingine, na upande wa bara kuna handaki lililochimbwa ndani ya jiwe. Hata Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, na nguvu zake zote za baharini, alizijaribu zaidi ya mara moja katika miaka ya 1820 na 1830 na mizinga yake haikufua dafu.

Lakini hebu tuhesabu ngome hii imebadilisha mikono mara ngapi, na kwa njia gani.

Mwaka 1631 iliingiwa kwa mlango. Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye baba yake aliuawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno, naye akapelekwa Goa, makao ya Wareno huko India, akiwa mtoto, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia, aliingia ngomeni mwezi Agosti na watu wake na kumuua kapteni, Pedro Leitão de Gamboa. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata kikosi kikaja kutoka Goa kuikomboa. Kilishindwa, kikaondoka. Hapa mashabiki wa Cairati wana hoja nzuri kuliko zote, ila sijui kama wanaipenda: aliyethibitisha kwamba kuta hizo zinaweza kumzuia adui wa baharini ni mfalme Mswahili, na adui mwenyewe alikuwa Mreno. Yusuf aliihama kwa hiari yake mwezi Mei 1632 akaenda zake baharini, na Wareno wakarudi kukaa kwenye jengo tupu.

Mwaka 1728 ilitoka mikononi mwa Waomani, walioitwaa mwaka 1698, baada ya askari wao wenyewe kuasi. Mreno akarudi kwa kishindo, na mwaka uliofuata wenyeji wakamchoka. Walianza mwezi Aprili. Hawakuwa na haja ya kubomoa hata jiwe moja. Waliifunga njia ya chakula, wakangoja. Tarehe 26 Novemba 1729 waliokuwemo wakasalimu amri, na Mreno hakutawala tena Mombasa. Mwaka 1746, gavana wa Kimazrui, ukoo wa Kiomani uliotawala Mombasa, alipouawa, watu wa ndugu yake Ali bin Uthman walizipanda kuta wakaitwaa ngome. Na mwaka 1837 Seyyid Said, ambaye mizinga yake ilikuwa imeshindwa, aliipata kwa sababu Wamazrui waligombana kuhusu urithi wa utawala na mji ukagawanyika. Aliingia bila vita, kisha akawakamata wakubwa wao na kuwapeleka Bandar Abbas, Uajemi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimeruka mzingiro mkubwa kwa makusudi, kwa sababu ndio unaosimuliwa vibaya kuliko yote. Waomani waliizingira ngome kuanzia tarehe 13 Machi 1696 hadi tarehe 13 Desemba 1698, miezi 33 kamili. Kwa kawaida tunaelezwa kama pambano la mataifa mawili, Mwarabu nje na Mreno ndani. Sasa tazama nani walikuwa ndani. Mwanzoni Wareno hawakufika hata mia moja. Watu wa pwani waliokimbilia humo walikuwa wapatao 1500. Njaa na maradhi vikawapukutisha. Ilipofika mwisho wa Agosti 1697 Wareno wote waliokuwemo walikuwa wamekufa. Aliyebaki akiishika ngome ni Sheikh Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake 17, wanaume wengine Waafrika wanane na wanawake Waafrika 50.

Nimelizungusha hesabu hilo kichwani mara nyingi. Watu 76, na thuluthi mbili ni wanawake. Ngome ya mfalme wa Ureno, haina Mreno hata mmoja aliye hai, na bado haijaanguka, inashikwa na Mwislamu wa kisiwa cha Pate dhidi ya Waislamu wa Maskati. Ukishalijua hilo, “Mwarabu nje, Mreno ndani” haisimami tena. Daud alikuwa na ugomvi wake: Faza na mji wa Pate, ingawa ni za kisiwa kimoja, zilikuwa mahasimu, na Pate ilikuwa upande wa Waomani. Wale wanawake 50 hatuna jina la hata mmoja wao. Vyombo vya merikebu ya Kireno Santo António de Tanna, iliyokuja mwaka huo kuleta msaada ikazama chini ya ngome, viliopolewa na wapiga mbizi miaka ya 1970 na vinaonyeshwa ndani ya makumbusho, kila kimoja na kibao chake. Mtungi umepata maelezo kuliko watu walioshika ukuta.

Msaada ulifika baadaye, Wareno wapya wakaingia, nao wakafa kama wa kwanza. Waomani walipoparamia kuta Desemba 1698 walimkuta kapteni, askari tisa na padri. Ukuta haukuwa umeshindwa na mzinga. Walioushinda ni tumbo na homa, na kwa ngome iliyotegemea vyakula vya Pemba na bara, tumbo lilikuwa mikononi mwa majirani.

Upande wa kwanza wana jibu moja ambalo siwezi kulipuuza: mwaka 1875. Muhammad bin Abdallah, yule Akida, mkuu wa askari wa ngome, alipomwasi Sultani wa Zanzibar akiwa ngomeni, manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, ziliipiga kwa mizinga, naye akasalimu amri. Hapo bahari ilishinda waziwazi, bila njaa na bila hila. Lakini hiyo ilikuwa mizinga ya karne ya 19 dhidi ya ukuta wa karne ya 16, na baada ya hapo hakuna aliyeitegemea tena ngome kulinda bandari yoyote. Meli kubwa zilihamia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa.

Mwingereza alipoichukua mwaka 1895 aliipa kazi nyingine. Aliifanya jela hadi mwaka 1958, miaka 63, karibu sawa na kipindi kirefu kuliko vyote Mreno alichokaa humo mfululizo. Ni kipindi ambacho mgeni anayetembezwa hupewa sentensi moja tu kabla ya kuonyeshwa mizinga. Hakuna kilichohitaji kubadilishwa sana kwenye kuta. Zilikuwa nene vya kutosha, na kapteni wa mwaka 1639 asingeona ajabu kuwa waliofungiwa humo ni watu wa pwani.