Namba 17 nyuma ya pazia

Kila mwanzo wa mwaka hapa Arua, Uganda, hunijia wazazi wanaotaka kujua kwa nini mtoto wao hakuchukuliwa kwenye kwaya ya shule. Mwaka huu mzee mmoja aliniuliza mbele ya walimu wenzangu: "Mwalimu, sauti ni kipaji cha Mungu. Wewe ni nani hata umpime mtoto?"

Swali hilo limenikaa kichwani, na jibu langu ni hili, mzee wangu: nampima kwa sababu namthamini. Anayetaka kuimba tu, anaimba nami darasani, anaimba gwaride la asubuhi, anaimba kanisani. Kwaya ya mashindano ina nafasi 32, nane kwa kila sauti, na mtoto aliyeipigania nafasi yake huitunza. Hachelewi mazoezi, wala hajifichi nyuma ya sauti ya jirani.

Lakini mchujo una haki zake. Mimi huchuja nikiwa nyuma ya pazia, na kila mtoto huingia kwa namba. Zamani nilichuja uso kwa uso, na mwaka mmoja nikamwacha kijana mwenye besi nzito, safi, nikamchukua mtoto wa mtu mwenye kauli kubwa kwenye kamati. Yule kijana hakurudi kujaribu tena. Mpaka leo linaniuma, na pazia lile nililitundika kwa ajili yake.

Kwanza wanaimba wimbo wa taifa, ule aliotutungia George Wilberforce Kakoma tulipopata uhuru mwaka 1962. Ni mfupi na kila mtoto anaujua, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakufundishwa. Halafu nota za do, re, mi ubaoni, na hapo ndipo jasho linapowatoka. Kutoka fa kupanda hadi ti ni hatua ngumu. Koo lisilozoea hukimbilia la, au huruka mpaka do ya juu.

Mwisho ni ubeti wa Kiswahili, na hapa naomba nisimame kidogo. Wengi wa watoto wangu ni Walugbara, na katika Kilugbara ukipandisha sauti mahali pa kushusha unaweza kuwa umesema neno jingine kabisa. Mtoto aliyelelewa hivyo anakuja na sikio kali kabla hata hajajua do ni nini. Kinachomsumbua kwenye Kiswahili ni mkazo. "Barabara" ya kupita magari mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho; urudishe nyuma silabi moja, umeshasema "sawasawa". Mtoto anayelisikia hilo mwenyewe bila kuambiwa, huyo moyoni nimeshamchukua.

Anayeachwa nampa karatasi yenye sababu moja, moja tu, anayoweza kuifanyia kazi. Kumchuja mtoto bila kumwambia kwa nini ni ukatili, na nimeona walimu wengi wakiufanya.

Namba 17 alikuwa akijaribu kwa mara ya tatu. Mara mbili za kwanza karatasi yake iliandikwa neno lile lile: unazama. Alikuwa anaanza vizuri kabisa, akifika ubeti wa pili ameshuka nusu sauti na wala hajui. Safari hii nilimsikia nyuma ya pazia akianza, nikamngoja azame. Hakuzama. Nikamwomba arudie wimbo wote kutoka mwanzo, akatua pale pale alipoanzia. Nilibaki nimeshika kalamu, nisijue niandike nini.

Baadaye nilimuuliza amefanyaje. Kinanda hatuna shuleni, na nyumbani kwao ndiyo kabisa. Kaka yake ana adungu, kinubi chetu cha nyuzi. Binti anapiga uzi wa do, anauzima kwa kiganja, anaimba wimbo mzima bila ala, kisha anaupiga tena uzi ule ule. Kama amezama, uzi unamwambia. Alifanya hivyo kila jioni likizo nzima, na hakuna aliyemfundisha. Miaka yote hii nafundisha kwaya, njia hiyo sikuwahi kuifikiria. Sasa sauti ya pili nzima wanafanya mazoezi hivyo, na mimi nasimama pembeni nikiwatazama, kifua kimenijaa.

Kikombe tukikipata mwaka huu nitashangilia kama mtu mwingine yeyote. Ila fahari yangu nilishaipata siku ile ya mchujo, kabla ya jaji yeyote kutuona.

Na mtoto wako, mzee wangu, naye ana karatasi yake. Imeandikwa: unavuta pumzi katikati ya neno. Jumamosi nimemkuta chini ya mwembe na namba 17. Yeye anaimba, binti anamhesabia kwa vidole, na kila pumzi ikikatika wanarudi mwanzo.