Renegade Mpya Imenivutia, Skrini Yake Hapana

Skrini ya inchi 10.25 kwenye pikipiki ya theluji imewekwa kwa ajili ya mteja aliye dukani. Nasema hivi baada ya kufuatana na shemeji yangu mwezi Machi kwenye shorumu moja kaskazini ya Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, kuangalia Renegade ya msimu ujao, pikipiki ya theluji ya chapa ya Ski-Doo. Yeye alishaamua kabla hatujashuka garini. Mimi nilikwenda kama shahidi, na kama mtu atakayehojiwa na dada yangu jioni.

Kwa ndugu wa nyumbani ambao hawajaiona: hii ni pikipiki isiyo na magurudumu. Mbele ina skii mbili zinazofuata usukani, nyuma ina mkanda mpana wa mpira wenye meno ya kung'ata theluji, unaozungushwa na injini. Gia za kubadilisha hakuna, klachi ya kubana kwa mkono hakuna. Mafuta unayasukuma kwa kidole gumba cha kulia, breki iko kushoto. Jimbo la Minnesota lina zaidi ya maili 22,000 za njia za vyombo hivi, kama kilomita 35,000, na kazi kubwa ya kuzitunza inafanywa na vilabu vya wenyeji. Zinapita porini, kandokando ya barabara kuu, na kwenye mashamba ya watu walioridhia. Mtu anawasha nyumbani kwake asubuhi, anakwenda kula mchana mji wa tatu, anarudi bila kukanyaga lami ila pale anapovuka barabara.

Shemeji ni dereva wa malori ya masafa marefu, na miezi ya baridi humkalia vibaya. Kwa hiyo namwelewa. Tatizo langu halikuwa hamu yake, lilikuwa namna duka lilivyoipokea ile hamu.

Chombo chenyewe kilikuwa juu ya jukwaa lenye zulia, taa zimekielekea, bodi nyeusi yenye michirizi ya njano, na ile skrini inawaka. Muuzaji, kijana mchangamfu, alianza na skrini. Ramani iko humu. Simu yako inaunganishwa humu. Unaweza kuona wenzako wako wapi njiani. Alitelezesha kidole mara hii, mara ile, na shemeji akatelezesha chake. Dakika nyingi zikapita watu wazima watatu wakiangalia kioo, na hakuna hata mmoja aliyeinama kuona chini kuna nini.

Nikainama mimi. Na huko chini, nikiri, kazi imefanywa. Mkanda wa Renegade una urefu wa inchi 137, karibu mita tatu na nusu ukiukunjua, ndiyo maana wengi huipenda kwa mchanganyiko wa njia zilizosawazishwa na kuchepuka kidogo kwenye theluji laini. Ukiwa mfupi zaidi chombo kinageuka upesi lakini kinazama haraka. Ukiwa mrefu kinaelea vizuri lakini kwenye kona kinakuwa mkaidi. Shokapu za mbele ni nene kama za gari la mashindano. Kifuniko cha ubavuni kinafunguka kwa mkono bila spana, na papo hapo unakutana na puli mbili na beliti inayoziunganisha. Hiyo beliti ndiyo gia yote ya chombo hiki: kasi ikiongezeka, puli zinajibana na kujiachia zenyewe na beliti inapanda au kushuka. Ikikatika msituni jioni, ni lazima uweze kuibadilisha ukiwa na glavu nusu, vidole vinauma. Kwa hiyo kifuniko kinachofunguka kirahisi kina thamani kubwa kuliko ramani ya rangi, lakini muuzaji hakukigusa. Nilikifungua mwenyewe, naye akaniangalia kama mgeni aliyefunua sufuria jikoni kwa watu.

Kuna ujanja mwingine ulionipendeza zaidi. Injini ya 850, yaani ya ujazo wa takriban cc 850, ni ya mipigo miwili, na gia ya rivasi haina. Unabonyeza kitufe, injini inapunguza mzunguko hadi karibu kuzima, kisha plagi zinapiga cheche mapema kuliko kawaida na kuisukuma izunguke upande wa pili. Basi, chombo kinarudi nyuma. Hakuna gia ya ziada, hakuna uzito wa ziada. Na kwenye modeli zisizo na selfu ya betri, asubuhi unavuta kamba mara ya kwanza, umeme kidogo unahifadhiwa kwenye kapasita, na ukizima kwa muda mfupi kunywa chai, unawasha kwa kitufe. Betri nzito na mota yake vimeachwa nyumbani. Akili ya namna hii mimi humvulia kofia fundi aliyeifikiria.

Sasa nije kwenye kinachonikera.

Injini hiyo ya 850 inatoa nguvu ya farasi 165. Shemeji alilirudia hilo kama mtu anayetaja mahari.

"Shemeji, mia na sitini na tano!"

"Nimesikia, shemeji. Na utazikimbizia wapi?"

Swali langu si la kejeli. Kwenye ardhi na maji ya umma Minnesota, kikomo cha kasi cha pikipiki za theluji ni maili 50 kwa saa, yaani kilomita 80. Chombo hiki kinaifikia kasi hiyo kabla hujamaliza kuvuta pumzi, na kinabaki na nguvu nyingi isiyo na pa kwenda kihalali. Shemeji hajawahi kumiliki hata kimoja. Tena amezaliwa baada ya 1976, kwa hiyo sheria ya jimbo inamtaka awe na cheti cha mafunzo ya usalama kabla ya kuendesha kwenye njia hizo. Muuzaji alimweleza habari za mkopo, akamweleza na rangi zilizopo. Cheti hakukitaja mpaka nilipouliza mimi. Na barafu ya ziwani? Idara ya maliasili ya jimbo inashauri barafu mpya, safi, iwe na unene wa inchi 5 hadi 7 kabla ya kupitisha chombo kama hiki. Chombo chenyewe kina zaidi ya kilo 200 kabla hujajaza mafuta, na skrini haipimi unene wa barafu.

Jambo lililonifanya niandike makala hii ni lingine, nalo ni theluji yenyewe. Watu hudhani theluji ni barabara tu ya chombo hiki. Kumbe ni sehemu ya mashine. Maji yanayopoza injini hupita kwenye mifereji ya alumini iliyo juu ya mkanda, na kinachoipoza mifereji hiyo ni theluji inayorushwa na mkanda. Reli ambazo mkanda unateleza juu yake zimevikwa plastiki ngumu, na kinachoilainisha plastiki hiyo ni theluji hiyohiyo. Njia ikiwa kavu au imeganda kuwa kioo, injini inapanda joto na plastiki inaanza kulika. Ndiyo maana wenye uzoefu hufunga vijiti vya chuma vinavyokwaruza barafu na kurusha vumbi lake juu. Ni kifaa cha bei ndogo kabisa ukilinganisha na chombo. Nilipouliza kama vimo kwenye bei, kijana alikwenda kuuliza nyuma.

Na haya yote tunayazungumza Machi, nje maji yanatiririka kwenye mitaro. Msimu wa 2023 hadi 2024 ulikuwa wa joto kuliko misimu yote ya baridi iliyorekodiwa Minnesota. Wapo watu waliokuwa na vyombo vya maelfu ya dola gereji ambao hawakupata hata wikendi moja nzuri karibu na kwao. Waliokuwa na nafasi walivipakia kwenye trela wakasafiri kuifuata theluji. Lakini utaratibu wa biashara hii haujabadilika. Modeli mpya zinaoneshwa baridi inapoisha, unatanguliza pesa masika, kiwanda kinatengeneza kulingana na oda, na chombo kinakufikia majani yakipukutika. Baadhi ya modeli za juu zinapatikana kwa oda hiyo tu. Ukisubiri uone kama msimu utakuwa na theluji, unaambiwa umechelewa.

Mtaniambia kwamba ndivyo viwanda vinavyojikinga, visibaki na mali isiyouzika. Sawa, lakini hatari haijaondoka, imehamishiwa kwa mnunuzi. Yamaha, walioanza kutengeneza pikipiki za theluji 1968, walitangaza 2023 kwamba modeli za 2025 zitakuwa za mwisho. Kampuni ya ukubwa ule imeangalia soko ikaona iondoke. Sasa shemeji yangu, mwenye mkopo wa nyumba na watoto wawili shuleni, anaombwa awe na imani ambayo Yamaha hawana.

Niseme pia kwamba sikidharau chombo. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Valcourt kule Quebec, Canada, ambaye ndiye aliyeleta Ski-Doo, alimpoteza mtoto wake mdogo mwaka 1934, katikati ya baridi, kwa sababu barabara zilikuwa zimefungwa na theluji na hospitali haikufikika. Alikuwa tayari akihangaika na vyombo vya kupita kwenye theluji, na miaka michache baadaye akapata hataza ya mfumo wake wa mkanda na magurudumu ya meno. Gari zake za kwanza zilibeba madaktari, barua na wanafunzi. Ski-Doo, ndogo na ya kupanda mtu mmoja au wawili, ilikuja 1959. Ukiyajua hayo unakitazama chombo kwa heshima tofauti, na ndipo ile zulia na taa vinapoonekana vimezidi.

Pembeni ya jukwaa, bila taa, palikuwa na Renegade Sport yenye injini ndogo zaidi, ya 600, farasi 85. Mkanda uleule wa inchi 137. Kipimo cha kawaida badala ya televisheni. Siti ngumu kiasi, bodi haina mbwembwe. Nilikaa, nikasimama, nikageuza usukani; miguu yangu ilipata pa kushika na magoti hayakugonga kitu. Kwa mtu anayeanza, kwenye njia zenye kikomo cha maili 50, sikuona anachokosa. Muuzaji alisema ni chombo kizuri "cha kuanzia", kwa sauti ya mtu anayemsifia mtoto wa mwenzake.

Nje, chini ya turubai, kulikuwa na nyingine kama hiyo ya mwaka uliopita, haijawahi kuwashwa, bei imekatwa mara mbili kwa kalamu nyekundu. Hakuna aliyetupeleka kuiona. Tuliiona tukitafuta gari letu.

Shemeji hakusaini siku ile, ingawa alitoka na kijitabu cha 850 mfukoni. Ushauri wangu nimeshampa, na dada amenipa baraka zote: asubiri Novemba, apate cheti kwanza, aiulizie ile ya chini ya turubai kama bado ipo, na kabla hajatoa kadi ya benki adai wamfungie vijiti vya kukwaruza barafu na wampe beliti ya akiba, bila kulipa.