Mjusi wa kwetu nimemkuta Berlin

Jumatatu tukakuta mlango umefungwa. Baridi digrii sita chini ya sifuri, mdogo analia, mke wangu ananitazama bila kusema neno, na mimi nimeduwaa pale Invalidenstraße kama niliyeachwa na basi Kibiti. Kumbe makumbusho yao ya viumbe hayafunguliwi Jumatatu. Sisi tulikuwa wapita njia tu, kutoka Malmö kwenda kwa shemeji yangu Vienna. Nikabadilisha tiketi za treni, tukalala usiku wa pili. Pesa iliniuma, lakini mtu wa Lindi atapitaje Berlin asimsalimie mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa kwetu mkoani Lindi?

Kesho yake, ukumbi wa kwanza tu, huyo hapo. Mita 13 na ushee kwenda juu. Watoto wa shule wamelala chali sakafuni, makoti wameyafanya mito, wanachora mbavu zake, na mlinzi anawapita kama hajawaona. Sisi kwetu ungeshasikia "Nyie! Tokeni hapo!" kabla hujatoa penseli. Binti yangu wa miaka minane naye akajilaza, akawatangazia kwa Kiingereza chake cha shule kwamba huyu ametoka kwa bibi yake. Nikajisikia kama nimemzaa huyo mjusi mwenyewe.

Kisha akaniuliza: "Baba, kule alikotoka kukoje?"

Sijui. Nimezaliwa na kukulia Lindi mjini, Tendaguru ni kilomita kama 60, na sijawahi kukanyaga. Darasa la saba tulichangishwa hela ya safari, mvua ikanyesha, safari ikaishia hapo. Hela nayo mnajua.

Najua mnaandika nini sasa hivi. "Huyo kashakuwa mzungu." "Anawatetea walioiba." Ngojeni kwanza. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, miaka miwili tu baada ya kuzima vita vya Maji Maji, makaburi hayajaota nyasi. Tani kama 250 za mifupa na mawe zilipita kichwani kwa wazee wetu mpaka bandarini Lindi, siku nne kwa miguu. Aliyewasimamia wachimbaji, Boheti bin Amrani, hajulikani hata na walimu wetu, na jina la kitaalamu la mjusi wakampa mkurugenzi wao, Branca. Nami nimelipa kiingilio kumwona jirani yangu! Hilo linanichoma kuliko linavyokuchoma wewe uliyeko Sinza, Dar.

Lakini niambie, wewe wa Sinza, unayedai arudishwe: Tendaguru umefika lini? Bungeni swali la mjusi huibuka kila baada ya miaka michache, tunapiga makofi, tunalala. Shimo alilotoka halikwenda Ulaya, lipo palepale. Hata wakati wa kivuko cha Ndundu, pale mto Rufiji, tulikuwa tukisema daraja likijengwa mambo yatafunguka. Daraja la Mkapa limefunguliwa 2003. Mtoto wa Berlin anapanda basi la mtaani, anashuka, anaona mifupa ya Lindi. Mtoto wa Lindi ahesabu boda, mafuta, na mawingu.

Nikampigia mama simu ya video, nikamwonyesha. Akamkagua mjusi kimya, halafu akasema, "Mbona mmevaa makoti ndani? Na huyo mtoto mbona yuko chini, nguo zitachafuka."

Binti kashanibana: Julai tukienda kwa bibi, lazima tufike Tendaguru. Nimeahidi. Usiku uleule nikamwandikia binamu yangu atafute usafiri. Jibu limekuja asubuhi, tukiwa tayari tumepita mpaka wa Czech:

"Boda tatu zitatosha. Ila kaka, mkifika mnataka kuona nini?"