"Weka Mlimani tu, kijana"

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, stationery yangu hugeuka ofisi ya udahili. Niko karibu na mahakama hapa Arusha. Mwaka mzima nachapa hati za madai na kutoa kopi, ila msimu huu ni kuombea watoto wa watu vyuo mpaka umeme ukatike.

Jumanne akaingia mzee mmoja na binti yake. Shikamoo, marahaba, akavuta kiti. "Kijana, huyu anasoma sheria. Weka Mlimani." Yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nikamuuliza chuo cha pili. "Mlimani." Cha tatu? Akaniangalia kama nimemtukana. Binti kimya, anakunja kona ya cheti chake cha kuzaliwa.

Nilinyamaza, mteja ni mteja. Hapa sinyamazi.

Hiyo Mlimani mnayoiapia, kitivo chake cha sheria kilianza 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14. Hata huo mlima walikuwa hawajaupanda. Haya, nakubali, jina hilo linafungua milango na majaji wengi wamepita pale. Nimekubali, tuendelee.

Oktoba 2022 mmeisahau? Watahiniwa 633 wa Law School, ile shule unayopitia baada ya digrii ili uwe wakili, waliofaulu moja kwa moja 26. Wengine 342 wakaambiwa warudie mitihani, 265 wakadisko, yaani wakaondolewa masomoni. Kila mmoja wao aliingia pale na digrii ya sheria mkononi. Ikaundwa kamati ya kuchunguza chini ya Dk. Mwakyembe, waziri wa zamani, tukatukanana mitandaoni chuo gani kibovu, halafu tumerudi kulekule: weka Mlimani.

Mimi si mwanasheria, lakini kazi za wanasheria zinapita mezani kwangu kila siku, na naona kitu ambacho mzee yule haoni. Kazi hii ni kuandika. Kuna kijana wa chuo kikubwa (siku ya mahafali alipiga picha mpaka na miti) alileta hati ya madai ya bodaboda. Aya ya nne mdaiwa ni mtu wa Kijenge. Aya ya tisa mdaiwa amekuwa kampuni ya Mwanza! Alinakili sampuli akasahau kufuta. Nilipomwonyesha akasema, "Kaka, we chapa tu." Wiki hiyohiyo dada mmoja wa chuo ambacho mzee yule angekicheka alirudi kwangu mara tatu na karatasi ileile, kila mara amekata maneno kwa kalamu. Nikamuuliza nani kamfundisha ukorofi huo. Akasema mwalimu wao alikuwa anawarudishia kazi imejaa wino mwekundu, na usipoandika upya hakupi alama.

Hilo ndilo la kuuliza, jamani! Darasani wako wangapi? Kwa muhula mtoto anaandika kazi ngapi, na kuna binadamu anayezisoma, au zinarundikwa zikisubiri panya? Mkamateni mwanafunzi wa mwaka wa tatu getini mumuulize, msiulize ofisini mnakopewa vipeperushi. Na Kiingereza chake mtoto kikoje? Tangu 2021 sheria inasema lugha ya mahakama ni Kiswahili, lakini mihadhara bado ni Kiingereza, na wapo wanaomaliza hawana hiki wala kile.

Ada na mkopo mnavijua kuliko mimi. Na mtoto akisomea huku kwetu, Mahakama ya Afrika iko hapahapa na ile ya Afrika Mashariki pia. Aende akakae nyuma asikilize mawakili wanavyobanwa maswali.

Mzee alitoka kwenda kwa wakala kutoa hela ya maombi. Mlango ulipofungwa tu, binti akaniinamia: "Kaka, pale Makumira, mtu anaweza kwenda na kurudi nyumbani kila siku?"

Nikamwambia gari za Usa River, kilipo chuo hicho, zipo tangu alfajiri. Fomu sijaituma bado.