Naibu Waziri wa Mambo ya Nje atoke upande wa pili wa Muungano

Kipindi cha maswali na majibu kinapoanza bungeni Dodoma, saa tatu asubuhi, wizara nyingi husemewa na manaibu. Mambo ya Nje ndiyo zaidi, maana waziri mwenyewe mara yuko Addis Ababa, mara New York, mara yumo kwenye msafara wa Rais. Naibu anasimama na karatasi yake: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo." Jibu la msingi limeandaliwa na wataalamu wizarani, kulisoma si kazi. Kazi iko kwenye yale maswali mawili ya nyongeza. Mbunge anauliza habari za binti wa jimboni kwake aliyekwenda Oman kufanya kazi za ndani, na sasa pasipoti yake kaishika mwajiri. Mwingine anauliza kuhusu uraia pacha ambao Watanzania wa ughaibuni wameudai miaka na miaka, na kwa nini serikali imewaelekeza kwenye hadhi maalumu badala yake. Hapo karatasi imekwisha. Naibu anajibu kwa anachokijua, na asichokijua kinaonekana nchi nzima.

Hata hivyo wengi wetu humchukulia naibu waziri kama tairi la spea. Katiba nayo haikumpa mengi. Ibara ya 55 inamruhusu Rais kuteua manaibu kutoka miongoni mwa wabunge baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, inasema watawasaidia mawaziri, na inatamka wazi kwamba hawatakuwa wajumbe wa Baraza la Mawaziri. Basi. Nani awe naibu wa nani, hilo kaachiwa Rais.

Kwa wizara isiyo ya Muungano sina ugomvi na utaratibu huo. Ninao kwa Mambo ya Nje. Wizara hii inazisemea nchi mbili zilizoungana, na kila moja iliingia ndani ya Muungano ikiwa na kiti chake Umoja wa Mataifa. Tanganyika ilipokewa Desemba 1961, Zanzibar Desemba 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Zanzibar ilikuwa na waziri wake wa mambo ya nje, Abdulrahman Mohamed Babu. Aprili 26 mwaka huohuo viti viwili vikawa kimoja, na mambo ya nje yakaingia kwenye orodha ya kwanza ya mambo 11 ya Muungano. Leo orodha hiyo ina mambo 22. Hata Tume ya Mabadiliko ya Katiba, ile ya Jaji Warioba, ilipoipunguza kwenye rasimu yake hadi mambo 7, Mambo ya Nje yalibaki.

Na hapa ndipo Muungano ulipoanza kuwasha mapema kabisa. Ujerumani Mashariki ilikuwa tayari na ubalozi Zanzibar. Ujerumani Magharibi, iliyokuwa na uhusiano mzuri na Dar es Salaam, haikutaka kabisa nchi rafiki iwatambue wenzao wa Mashariki. Serikali changa ya Muungano ikajikuta inatakiwa kuchagua. Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya katikati: ubalozi wa Zanzibar ufungwe, Ujerumani Mashariki wabaki na konseli kuu Dar es Salaam. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, haikuridhika, ikasitisha msaada wake wa kijeshi mwaka 1965, na Mwalimu akajibu kwa kukataa msaada mwingine wa serikali hiyo. Baadaye, mwishoni mwa 1992, Zanzibar ikajiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Kelele zake zilitikisa Bunge, na Agosti 1993 ikajitoa. Mara zote mbili swali lilikuwa moja: Zanzibar ikiwa na haja yake nje ya nchi, inaifikisha kwa mlango gani?

Kwa muda mrefu jibu la kimyakimya lilikuwa naibu waziri. Zanzibar ilishatoa mawaziri kamili wa mambo ya nje, Dk. Salim Ahmed Salim kuanzia 1980 hadi 1984 na Balozi Ahmed Hassan Diria mapema miaka ya 1990. Baada yake, kwa takriban miaka 30, wizara ilikwenda Bara mfululizo: Rwegasira, Kikwete, Migiro, Membe, Mahiga, Kabudi, Mulamula, Tax, Makamba. Kilichopoza jambo hilo ni kiti cha pili, cha naibu, kilichokwenda Zanzibar. Jakaya Kikwete alikuwa na Dk. Abdulkader Shareef. Bernard Membe alifanya kazi na Balozi Seif Ali Iddi, ambaye mwaka 2010 alirudi Zanzibar kuwa Makamu wa Pili wa Rais, kisha akawa na Mahadhi Juma Maalim, aliyekuja kuwa balozi wetu Kuwait. Hawa hawakuwa wapambe. Mtu anayetoka wizara hiyo akaenda kusimamia shughuli za Serikali ya Mapinduzi kila siku anaondoka na ufahamu ambao semina haitoi.

Mwaka 2015 utaratibu ukavunjika bila mjadala wowote wa maana. Waziri akawa Balozi Augustine Mahiga, naibu Susan Kolimba. Kisha Damas Ndumbaro, kisha William Tate Olenasha, wote wa Bara chini ya mawaziri wa Bara. Sisemi hawakufaa. Lakini kwa zaidi ya miaka mitano nafasi zote za kisiasa kwenye wizara ya kwanza kabisa ya Muungano zilikaa upande mmoja, tena baada ya wizara kuunganishwa na ile ya Afrika Mashariki, ambako maamuzi ya ushuru na biashara yanaigusa bandari ya Malindi, Unguja, kama yanavyoigusa ya Dar es Salaam. Hakuna sheria iliyovunjwa. Hilo ndilo linalonisumbua.

Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliwateua ubunge Balozi Liberata Mulamula na Balozi Mbarouk Nassor Mbarouk, akampa wa kwanza uwaziri na wa pili unaibu. Mbarouk alikuwa amekaa balozi Falme za Kiarabu, eneo ambalo Wazanzibari wana ndugu, biashara na ajira kuliko pengine popote nje ya Afrika. Alibaki chini ya mawaziri watatu: Mulamula, Stergomena Tax na January Makamba. Watu husahau kwamba wizarani humo, mawaziri walipokuwa wakipishana, kumbukumbu ya kisiasa ilibaki kwa naibu. Uganda wanalijua hilo zaidi yetu. Okello Oryem alikaa Waziri wa Nchi anayeshughulikia mambo ya kimataifa kwa zaidi ya miaka 15, chini ya waziri Sam Kutesa kisha Jeje Odongo.

Julai 2024 mambo yakageuka: Mahmoud Thabit Kombo, Mzanzibari, akawa waziri, na mbunge wa Mafinga Mjini, Cosato Chumi, akawa mmoja wa manaibu. Nililipokea vizuri sana. Unaibu usiwe dari ya Mzanzibari, hasa kwa kuwa naibu hakai Baraza la Mawaziri. Wapo wanaosema Zanzibar haina haja ya naibu kwa sababu Rais wake ni mjumbe wa Baraza kwa ibara ya 54. Rais wa Zanzibar ana nchi nzima mabegani, hawezi kufuatilia faili la mkataba wa ajira na Oman au mgao wa nafasi za masomo China. Faili hilo linahitaji mtu anayelifungua kila asubuhi.

Wengine watasema diplomasia inataka uwezo, isiangaliwe mtu katoka wapi. Uwezo upo pande zote mbili, na orodha niliyoitaja inatosha kuwa ushahidi. Ninachodai ni kifungu kimoja kwenye ibara ya 55 mchakato wa Katiba utakapofufuka: kwa Wizara ya Mambo ya Nje, waziri akitoka upande mmoja wa Muungano, walau naibu mmoja atoke upande wa pili.